Mufupa umepona, goti halikunjiki: nani atalipa kine?

Tangu mwezi wa pili mwaka 2025, habari ya cobalt haitoki vinywani. Serikali ilifunga kwanza njia ya kuiuza inje, kisha, tangu mwezi wa kumi mwaka ule ule, ikaanza kuigawanya kwa quota, kila kampuni na kipimo chake. Ku radio, ndani ya bus ya kupanda kazi, jioni mbele ya nyumba, watu wanahesabu tonne. Sisi wa sendika tunafuata hesabu hiyo pia, sababu mukate wetu unatoka mule. Lakini kuko hesabu ingine ile hatuisikii wakati wakubwa wa kampuni na madelege wanakaa mezani juu ya convention collective. Ni hesabu ya magoti, viwiko, mabega na vidole ile iliumia kazini, mifupa ikashika, na mpaka leo haikunjiki.

Tuseme jambo letu wazi. Katika mashauri ile inatufikia, mara nyingi mutumikaji hapotezi kazi juu ya mufupa uliovunjika. Mufupa unapona. Anapoteza kazi juu ya kiungo kilichokauka katika zile juma zinazofuata platre, wakati hakuna anayemulipia mazoezi na hakuna anayemupa ruhusa ya kwenda kuyafanya. Juma hizo zinajulikana. Kazi yake inajulikana. Bei yake ni ndogo kupita bei ya tairi moja ya dampa. Inabaki kuandika nani anailipa.

Namna kiungo kinakauka

Watu wa mashini wataelewa upesi. Roulement ile inakaa miezi bila kuzunguka, graisse yake inagumu, na siku unataka kuiwasha inalia. Mwili uko vile, tena unakwenda mbio kupita chuma.

Ndani ya goti au kiwiko, mwisho wa kila mufupa umefunikwa na kitu laini na cheupe, gegedu. Gegedu halina mishipa ya damu. Linakula kwa kusukumwa: kila mara kiungo kinakunjika na kunyooka, maji ya ndani yanaingia na kutoka kama sponji inayokamuliwa. Kiungo kikifungwa, gegedu linakaa na njaa. Mufuko unaozunguka kiungo, ule ulikuwa mwepesi kama nguo, unajikusanya na kufupika. Uvimbe ule umekuja siku ya aksida, kama hautolewi, unageuka kuwa kovu ndani, na kovu hilo linashikanisha vitu ambavyo vilipaswa kuteleza. Na nyama ya paja au ya mukono inapungua. Siku platre inatolewa, kila bibi nyumbani anaona mwenyewe kama muguu mumoja umekuwa mwembamba kupita mwenzake.

Platre yenyewe si adui. Bila hiyo mufupa ungeshika vibaya. Lakini platre ni nusu ya matunzo. Nusu ingine ni kurudisha mwendo, na nusu hiyo njo inakatwa.

Hapa kuko mambo mawili ambayo watu wengi hawaambiwi. La kwanza: mazoezi hayangoji platre itoke. Mutu mwenye platre ku kifundo cha mukono anapaswa kuchezesha vidole, kiwiko na bega kila siku, toka siku za kwanza. Bila vile, kifundo kitapona na bega litabaki limegoma. La pili: kama munganga amefunga mufupa kwa chuma, plaque au clou, mara nyingi ni juu ya hiyo alifanya vile, ili kiungo kianze kutembea mbele. Mutu aliyewekewa chuma na kisha akakaa miezi mbili bila kukunja, amelipa oparesheni na hakupata faida yake yote. Tena vidole: vidole vinakauka mbio kupita viungo vingine. Kidole kikikaa kimefungwa zaidi ya juma 3 au 4, uliza munganga sababu yake.

Kazi inaomba degre ngapi

Munganga wa kine anapima kiungo kwa chombo kidogo, goniometre, ile inaonyesha pembe kwa degre. Tunataka kila delege ajifunze hesabu hiyo kama anavyojua hesabu ya mushahara.

Goti lenye afya linakunja mpaka karibu degre 135 au 140. Kwa kutembea ku njia sawa, mutu anahitaji kama 60. Kwa kupanda ngazi ya nyumba, inakaribia 85 au 90. Kwa kuinuka ku kiti bila kujivuta na mikono, inapita 90. Kwa kuchuchumaa, iwe chini ya pompe, iwe ku choo cha nyumbani, inaomba 130 na zaidi.

Sasa angalia mudereva wa dampa kubwa. Ngazi yake ni ya chuma, ndefu, na kipande cha kwanza kiko juu. Kama goti linasimama ku degre 70, mutu huyo anatembea vizuri ku kiwanja cha hopitali. Munganga anamuona anatembea, anaandika "apte". Kesho yake anafika chini ya dampa, hawezi kupanda. Shefu anasema mutu huyu hataki kazi. Hapana: kazi yake inaomba degre zaidi, na yeye hana. Hakuna aliyepima.

Kiwiko kiko vile vile. Kwa maisha ya kila siku, mutu anahitaji kunyoosha mpaka zibaki degre 30 na kukunja mpaka 130. Pale anaweza kula, kujiosha, kufunga nguo. Mufundi wa soudure au mekanisie anayeingiza mukono ndani ya mashini, yeye anahitaji zaidi. Kifundo cha muguu kinapaswa kupanda kama degre 10 ili mutu atembee bila kuchechemea. Kama kinakosa, hawezi kushuka rampe ya kariere na bote nzito. Na mutu wa konkaseri ambaye vidole vyake viwili havifungi ngumi, hawezi kushika nyundo, hata kama ku foto ya mifupa kila kitu kinaonekana safi.

Foto inaonyesha mufupa. Haionyeshi mwendo. Sertifika ya kurudi kazini ile imeandikwa juu ya foto peke yake, bila kupima degre, sisi tunasema haijakamilika.

Pale mambo inaharibikia

Wazee wetu wa Gécamines, na wa Union Minière mbele yake, walikuwa na hopitali za kampuni. Hatutaki kusifu zamani bila kipimo. Watu waliumia na kufa mule pia. Lakini mutu aliyevunjika alitunzwa na kampuni ile ile iliyomulipa, kwa muji ule ule aliokaa, na kisha kulikuwa na kazi nyepesi za kumuweka: magazini, mulango, buro. Kampuni ilijua kama mutu huyo ni wake kwa miaka. Kisha mambo ilianguka. Katika mwaka 2003 na 2004, zaidi ya watumikaji 10,000 waliondoka Gécamines kwa ile Opération Départs Volontaires, na mupango mzima wa matunzo ukapoteza watu wake.

Leo mine ziko tena, shaba inatoka kupita zamani, lakini mutumikaji amebadilika. Mwezi wa 11 mwaka 2021, shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ ya Kolwezi walitoa rapori juu ya mine tano kubwa za cobalt na shaba. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya watumikaji wanapitia kampuni za sous-traitance. Kwa habari yetu ya viungo, mustari huo unaeleza mambo mengi. Mufupa wa muguu chini ya goti unaweza kuomba miezi 3 au 4, wakati mwingine zaidi, na kisha mazoezi. Kontra ya sous-traitance inaweza kuwa ya miezi michache. Kontra inaisha mbele ya goti kurudi. Kampuni kubwa inasema: si mutu wetu. Kampuni ndogo inasema: kontra yake imeisha. Hopitali inasema: nani analipa?

Hata kwa mwenye kontra ya kudumu, njia ina mashimo. Code ya kazi inamupa theluthi mbili ya mushahara wakati amesimama juu ya ugonjwa ao aksida. Theluthi hiyo inapita ku loyer na ku masomo ya watoto. Prime ya production haionekani tena. Munganga anaandika kine mara tatu kwa juma. Hopitali iko mbali na cité, kila safari ni feza ya taxi-moto kwenda na kurudi, kwa mutu mwenye fimbo mbili. Juma la kwanza anakwenda mara tatu, juma la pili mara moja, juma la tatu anabaki nyumbani. Kwa wale wanaokaa mbali na muji mukubwa ni mbaya zaidi: toka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 300, na hakuna anayesafiri vile mara tatu kwa juma juu ya kidole.

Tena kuko woga. Mutumikaji anajua kama akikawia, mwingine atakaa ku mashini yake. Anarudi mbele ya wakati, anaficha maumivu, anachechemea, na muguu muzima unabeba mzigo wa miguu miwili. Mwaka unaofuata anakuja kwetu juu ya mugongo. Karatasi ya mugongo haiandiki tena neno aksida.

Sheria inasema nini

Hatuombi zawadi. Sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 njo inapanga usalama wa watumikaji ambao leo uko chini ya CNSS, ile tuliita zamani INSS. Kuko mchango wa pekee kwa aksida za kazi na magonjwa ya kazi: 1.5 % ya mushahara, na mchango huo unalipwa na mwajiri peke yake. Hakuna hata franc moja yake inayotoka ku feuille de paie ya mutumikaji. Kwa mchango huo, mutu aliyeumia kazini ana haki ya matunzo, ya malipo wakati hawezi kutumika, na ya rente ao malipo ya mara moja kama anabaki na kilema.

Kupita hapo, Kongo ilitia mukono mwaka 1967 ku Convention nambari 121 ya Shirika la Kazi la Dunia, ile inaongea juu ya aksida na magonjwa ya kazi. Kifungo cha 26 cha convention hiyo kinaomba kila inchi itoe matunzo ya kumurudisha mutu katika kazi yake ya zamani kama inawezekana. Na kama haiwezekani, katika kazi ingine inayomufaa kufuatana na uwezo wake. Na sheria ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na mutumikaji aliyebaki na goti lililokufa ni mumoja wao.

Kwa hiyo nani anakosa? Mara nyingi kinachokosa ni karatasi. Aksida haikutangazwa, ao ilitangazwa kama ugonjwa. Mwajiri hakulipa mchango, ao alilipa kwa watu wachache kuliko wale anatumikisha. Mutumikaji hana nambari ya CNSS. Njo maana tunarudilia kila mara: siku ya aksida yenyewe, ao kesho yake, delege aulize kopi ya déclaration. Bibi ao mutoto mukubwa aichunge nyumbani, pamoja na foto zote, ordonnance zote, na jina la kila hopitali. Ndani ya mufuko wa plastiki, mahali mvua haifiki.

Neno moja lenye uzito: consolidation

Kuko neno moja ambalo linaamua maisha ya mutu, na watu wanalitia mukono bila kuuliza. Neno hilo ni "consolidation". Munganga akiandika neno hilo, anasema hali yako imefika mwisho, haitabadilika sana tena kwa matunzo. Tangu siku hiyo malipo ya kila siku yanasimama, na wanapima kilema chako kwa pourcentage. Kilema kidogo kinalipwa mara moja na kwisha. Kilema kikubwa kinaleta rente.

Sasa fikiri. Mutu ambaye hakupata kine hata siku moja, goti lake limesimama ku degre 70. Wanamuandikia consolidation. Amepoteza mara mbili: amepoteza degre ambazo mazoezi yangemurudishia, na amepoteza matunzo ambayo yangemupeleka huko. Hata kama pourcentage inapanda kidogo juu ya ukavu huo, hakuna rente inayolingana na mushahara wa mutu anayepanda ku dampa yake.

Njo maana tunasema: usikubali consolidation mbele ya kuuliza maswali tatu. Nimepata kine mara ngapi, na imeandikwa wapi? Degre zangu zilikuwa ngapi siku platre ilitoka, na ziko ngapi leo? Kama zinaendelea kupanda, kwa nini tunasimama? Kiungo ambacho kinaongeza degre kila juma bado hakijafika mwisho. Kiungo ambacho hakijaongeza kitu kwa muda mrefu hata na kazi nzuri, pale munganga wa mifupa anaweza kuangalia njia zingine: kukunja goti wakati mutu amelazwa usingizi wa oparesheni, ao kupasua ili kukata makovu ya ndani. Lakini hata kisha oparesheni hiyo, bila kine toka siku za kwanza, kiungo kinarudi kukauka vile kilikuwa.

Nyumbani: kazi ya jamaa

Kine si mashini kubwa. Mashini zinasaidia, lakini sehemu kubwa ya kazi inafanyika nyumbani, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Mara moja kwa juma ku hopitali haiwezi kushinda siku sita za kukaa ku kiti. Munganga wa kine anaonyesha njia, anapima, anasahihisha, jamaa inahesabu. Tumeona nyumba ambamo mutoto wa masomo ya primaire njo alikuwa shefu wa kine: "Papa, bado mara tano." Goti la papa huyo lilirudi.

Mambo haya yafanyike kisha munganga kusema mufupa unaweza kuvumilia. Weka kwanza joto, kitambaa kilicholowana na maji ya moto ya kiasi, dakika 10 ao 15, ili nyama ilegee. Kwa goti: kaa chini, weka kipande cha nailoni chini ya kisigino, vuta kisigino kuelekea matako, shika pale linagoma kwa sekunde 20 ao 30, kisha legeza. Rudilia mara kumi, mara tatu ao ine kwa siku. Kunyoosha kusisahauliwe: weka kisigino juu ya kitambaa kilichokunjwa na sukuma goti chini. Goti lisilonyooka linachosha kupita goti lisilokunja. Kwa bega: pitisha kamba juu ya tawi la mwembe ao juu ya mbao ya nyumba, mukono muzima uvute ule mugonjwa, ao tembeza vidole ku ukuta na weka alama ya mukaa pale vimefika, kesho upite alama. Kwa vidole: funga na fungua ngumi ndani ya maji ya uvuguvugu, kisha ndani ya ndoo ya mchanga mukavu. Kwa kifundo cha muguu: simama mbele ya ukuta, kisigino kisiache chini, goti liende mbele. Kama uvimbe unabaki, maliza na kitu cha baridi ndani ya kitambaa, dakika 10, na muguu juu.

Maumivu kidogo wakati wa kuvuta ni ya kawaida. Kipimo ni hiki: kama maumivu yanapita saa mbili kisha mazoezi, ao kesho kiungo kimevimba kupita jana, ulifanya mengi. Punguza, lakini usiache.

Tuseme sasa juu ya wafundi wa mifupa wa kwetu, wale wa kukanda na mafuta. Tunawaheshimu, kuko nyumba ambazo hazina mwingine. Lakini kukunja kiungo kwa nguvu, mutu akilia, ni hatari, na zaidi ku kiwiko. Kiwiko kikilazimishwa na kukandwa sana kisha kuvunjika, mwili unaweza kuanza kutengeneza mufupa ndani ya nyama, na pale kinafungika kwa kweli. Mwendo unaorudisha kiungo ni ule mutu anafanya mwenyewe, polepole na kila siku.

Na kuko alama ambazo hazingoji kesho. Vidole chini ya platre vinakuwa baridi, vyeusi ao bila kusikia kitu, na maumivu yanaongezeka hata na dawa: ni hopitali usiku ule ule. Shavu la muguu linavimba na kuuma gafula, ao pumzi inakatika: ni hopitali. Homa na usaha pale kidonda kilikuwa: ni hopitali. Mukono unaowaka moto, ngozi inang'aa, inatoka jasho na kubadilika rangi miezi mingi kisha aksida, hata kuguswa na nguo kunauma: huo ni ugonjwa unaojulikana, watu wa hopitali wanauita algodystrophie. Mutu huyo hadanganyi, na matunzo yake yanapaswa kuanza mbio.

Na ndugu creuseurs?

Wao wako inje ya mambo mengi tuliyoandika. Sheria inawataka ndani ya coopérative, lakini mutu anayeanguka ndani ya shimo la Kasulo ao kwingine, mara nyingi ni ndugu zake wanaochanga. Mwili wao ni mwili ule ule, na mazoezi tuliyoeleza yanawafaa vile vile. Coopérative ambayo inachukua feza ku kila mufuko inaweza kutenga sehemu kwa platre na kine. Tunawaomba wanachama wake waulize swali hilo ku mukutano wao.

Jibu la kampuni, na jibu letu

Wakubwa wanatujibu mambo mawili. La kwanza: watu wanajifanya wagonjwa ili wakae nyumbani. Tunakubali kwamba kuko mutu wa namna ile. Ku kazi yoyote yuko. Njo maana tunaomba kipimo. Andikeni degre siku ya kwanza, na kila juma mbili. Mwenye kukosa mazoezi ataonekana ku karatasi, na mwenye kufanya ataonekana pia. Kipimo kinalinda pande zote mbili.

La pili: ni bei kubwa. Tuhesabu pamoja. Mudereva wa dampa ao mufundi wa umeme wa mine, kampuni ilimufundisha kwa miaka. Kumuondoa, kumutafuta mwingine, kumufundisha, kulipa shauri ku Inspeksio ya kazi ao ku Tribunal, na kungoja aksida ya mupya asiyejua kazi: hiyo njo bei kubwa. Chumba kimoja ku dispensaire ya mine, na kitanda, baiskeli ya kusimama, goniometre, na munganga mumoja wa kine anayepita siku tatu kwa juma, hakuna kampuni inayouza cathode za shaba ambayo itaanguka juu ya hiyo.

Yale tunapeleka mezani

Kwa convention collective zinazokuja, tunaomba mambo matano yaandikwe, kila moja ku mustari wake.

Kwanza, kine ianze mbele ya platre kutoka, na ordonnance ya kine iwe na nguvu sawa na ordonnance ya dawa: mwajiri anailipa pamoja na transporti.

Pili, kampuni kubwa iwe na jukumu juu ya watumikaji wa sous-traitance walioumia ndani ya mine yake, mpaka mwisho wa matunzo, hata kama kontra imeisha njiani.

Tatu, hakuna sertifika ya kurudi kazini bila degre kuandikwa na kulinganishwa na kazi yenyewe: ngazi, rampe, nyundo, usukani.

Ine, kurudi kuwe kwa hatua. Saa chache kwanza, kazi nyepesi kwanza, na mushahara usipunguzwe juu ya hiyo.

Tano, komite ya usalama na usafi, ile Code ya kazi inaita Comité de sécurité, d'hygiène et d'embellissement, ihesabu kila mwezi walioumia na wale waliorudi ku kazi yao ya zamani. Leo wanatusomea siku bila aksida, na tunapiga makofi. Tunataka watusomee pia watu waliorudi.

Ndugu watumikaji, ba mama mnaowangojea ku nyumba: wakati mazungumzo yanaanza, kila delege ataomba kuonyesha mambo kwa karatasi, hatafika na maneno matupu. Mwenye kiungo kilichokauka kisha aksida ya kazi, hata kama ni ya miaka iliyopita, alete kwa delege wake kopi ya déclaration, ordonnance ya kine ile haikulipwa, na tarehe ya consolidation. Asiye na karatasi aje hivyo hivyo. Tutaanza kuzitafuta pamoja.